Msiba wa Wenyeji wa Asili Katika Magazeti

Msomaji, tumezoea darasani kuchambua shairi, tamthilia na hadithi. Twauliza ni nani anayesema, asema na nani, amekuza jambo gani na ameficha lipi. Gazeti hatulifanyii hivyo. Twalisoma kwa haraka, au twaisikia habari redioni huku tukinywa chai, kisha twaamini kwamba lililotangazwa ndilo lililotukia, na lisilotangazwa halikutukia kabisa. Nakusudia katika insha hii tuichukue aina moja ya habari, tuiweke mezani, tuichambue kwa uangalifu ule ule tunaoutumia kwa tamthilia. Habari yenyewe ni nzito. Ni jinsi magazeti na televisheni zinavyosimulia vifo vya watu wanaojitoa uhai miongoni mwa wenyeji wa asili wa Kanada, hasa vijana wa umri kama wako, na jinsi zinavyosahau kuusimulia uzima wao.

Kwa wenyeji wa asili nina maana ya mataifa yaliyokuwa yakikaa katika nchi ile kabla Wazungu hawajafika: Wacree, Waojibwe, Wainuit na wengine wengi, kila taifa na lugha yake na desturi zake. Ni wengi, wala si wamoja. Likumbuke neno hili, maana makosa mengi tutakayoyaona huanzia hapo.

Kaskazini mwa jimbo la Ontario, karibu na pwani ya magharibi ya Ghuba ya James, kipo kijiji cha Wacree kiitwacho Attawapiskat, chenye watu kama 2,000. Hakina barabara ya mwaka mzima. Watu husafiri kwa ndege, na majira ya baridi kali hupita juu ya barabara ya barafu. Tarehe 9 Aprili 2016 chifu na baraza lake walitangaza hali ya hatari, kwa sababu watu wengi, na vijana wengi miongoni mwao, walikuwa wamejaribu kujiua tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Viongozi walisema kwamba kwa siku moja tu yalihesabiwa majaribio 11. Hapa kwetu maneno hayo "hali ya hatari" yana historia nyingine: wazee wetu huyakumbuka kwa tangazo la Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipoyatumia kuwafunga watu. Huko Attawapiskat maneno hayo yalitoka vinywani mwa wananchi wenyewe, wakiwaita watu waje kuwasaidia.

Walikuja, na kamera zikaja. Katika siku chache jina la kijiji kisichojulikana likatajwa London na New York. Sasa tuitazame namna ya habari zilizoandikwa wakati huo, na ambazo huandikwa kila msiba wa aina hii unapotokea.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mhusika mkuu wa habari hizi ni tarakimu. Huanza na idadi, huendelea na idadi, na mwisho huifananisha idadi hiyo na ya Kanada nzima. Watu wenyewe huingia kama kundi: "vijana", "jamii", "wakazi". Ukiiangalia sarufi yake utaona kwamba kundi hilo halina kitenzi cha kufanya, lina vitenzi vya kufanyiwa: wamekumbwa, wamezongwa, wameathirika. Anayetenda ni mgeni: waziri ametuma, daktari amewasili, serikali imeahidi. Tamthilia ambayo wenye nyumba hawasemi neno, na wageni pekee ndio wenye maneno, mwalimu yeyote angeirudisha kwa mwandishi aiandike upya.

Duncan McCue, mwandishi wa habari wa taifa la Anishinaabe aliyefanya kazi miaka mingi katika CBC, shirika la utangazaji la Kanada, amesimulia kwamba mzee mmoja alipata kumweleza jinsi mwenyeji wa asili anavyoingia katika habari. Milango, kwa maelezo ya mzee huyo, ni minne tu: awe anapiga ngoma, au anaicheza, au amelewa, au amekufa. Kwa Kiingereza maneno hayo manne huanza na herufi moja, kwa hiyo hukaririwa upesi kama kitendawili cha watoto. McCue mwenyewe aliongeza mlango wa tano, wa mpiganaji. Nimeupenda sana uchambuzi wa mzee huyo, kwa kuwa hauhitaji chuo kikuu kuuelewa. Tena tazama: mlevi haulizwi maoni yake, na marehemu hawezi kuulizwa.

Je, wako watu wa Attawapiskat ambao hawakuingia katika milango hiyo? Wako, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi. Shule ya msingi ya kijiji ilikuwa imejengwa mahali ambapo mafuta ya dizeli yalivuja ardhini mwaka 1979. Kwa miaka mingi watoto na walimu walilalamika kwamba harufu yawaumiza. Mwaka 2000 ikafungwa, na watoto wakahamishiwa katika vibanda vya kuhamishika, kila darasa na kibanda chake, nao wakatoka nje katika baridi kali kila walipobadilisha somo. Shule mpya iliahidiwa, ikaahidiwa tena. Mwaka 2008 darasa la nane waliacha safari yao ya kwenda kuyatazama maporomoko ya Niagara, wakaenda Ottawa, mji mkuu, kumwona waziri. Miongoni mwao alikuwa Shannen Koostachin, msichana wa miaka 13. Waziri aliwaambia kwamba fedha ya shule haipo. Shannen alimjibu usoni kwamba hamwamini, kisha akaendelea kuzungumza kila alipopewa nafasi, na maelfu ya watoto wa shule wa Kanada, wengi wao wasio wenyeji wa asili, wakaandika barua kumwunga mkono.

Shannen alikufa katika ajali ya gari mwaka 2010, akiwa na miaka 15. Februari 2012 Bunge la Kanada lilipitisha kwa kauli moja hoja iliyobeba jina la ndoto yake, ya kutaka watoto wa wenyeji wa asili wasome katika shule zilizo sawa na za wengine. Shule mpya ya Attawapiskat ilifunguliwa mwaka 2014. Alanis Obomsawin, mtengeneza filamu wa taifa la Abenaki, aliitengenezea habari hii filamu nzima mwaka 2013, nayo ni ushahidi kwamba inawezekana kukisimulia kijiji hiki kwa namna nyingine bila kuficha shida zake.

Mwandishi aliyefika mwaka 2016 na kuanza habari yake tarehe 9 Aprili aliyakata hayo yote. Kukata si kosa lenyewe, maana kila msimulizi hukata. Kosa ni mahali alipokatia. Ukianza hadithi siku ya msiba, sababu zote hubaki nyuma ya mlango, na msomaji wa mbali hana budi kuzitafuta katika damu ya watu wenyewe. Huwaza: "Hawa ndivyo walivyo."

Basi turudi nyuma. Kwa zaidi ya miaka mia moja serikali ya Kanada, kwa mikono ya makanisa, iliwachukua watoto wa wenyeji wa asili kutoka kwa wazazi wao na kuwaweka katika shule za bweni, ambako wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Tume ya Ukweli na Upatanisho iliyomaliza kazi yake mwaka 2015 ilikadiria watoto waliopita huko kuwa kama 150,000, na shule ya mwisho haikufungwa mpaka miaka ya 1990. Watoto wa Attawapiskat walipelekwa katika shule ya bweni ya St. Anne's, huko Fort Albany. Ilifungwa mwaka 1976. Polisi wa Ontario waliichunguza katika miaka ya 1990, na baadhi ya waliokuwa watumishi wake wakatiwa hatiani kwa kuwadhulumu watoto. Mtoto aliyetoka huko mwaka 1970 ndiye babu au bibi wa kijana wa mwaka 2016. Hatua hii fupi kati ya bibi na mjukuu ndiyo inayokosekana katika habari nyingi, au hutiwa mwishoni kabisa, katika aya ambayo mhariri akikosa nafasi huikata kwanza. Tume hiyo iliona jambo hili pia. Katika miito yake 94 ya hatua, mmoja, wa 86, unazitaka shule za uandishi wa habari ziwafundishe wanafunzi wao wote historia ya wenyeji wa asili.

Nilisema tulikumbuke neno "wengi". Hapa ndipo linapofaa. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana wa jamii za wenyeji wa asili zipatazo 200 katika jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada. Walikuwa wameangalia miaka mitano, tangu 1987 hata 1992. Kwa wastani vijana wa jamii hizo walijiua mara nyingi zaidi kuliko vijana wengine wa nchi, na huo wastani ndio uliojulikana na kila mtu. Lakini walipoitenganisha jamii moja na nyingine, waliona kwamba zaidi ya nusu hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika miaka yote hiyo mitano. Msiba ulikuwa umelundikana katika jamii chache. Wewe uliyesoma hesabu wajua: ukiwa na shilingi mia na mimi sina hata senti, kwa wastani kila mmoja wetu ana shilingi hamsini. Wastani huo haukuongopa, na hata hivyo hakuna mtu anayeweza kununua mkate nao.

Wakauliza, jamii zisizo na msiba zina nini? Waliangalia mambo sita: kama jamii inaidai ardhi yake, kama inajitawala kwa kiasi fulani, kama inasimamia shule, huduma za afya, polisi na zimamoto, na kama ina nyumba ya shughuli za utamaduni. Kila jambo liliambatana na upungufu wa vifo, na jamii zilizokuwa na yote sita hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo katika muda ule. Mwaka 2007 wao na Darcy Hallett walitoa matokeo mengine: pale ambapo nusu ya watu au zaidi waliweza kuzungumza lugha yao, vijana waliojiua walikuwa wachache mno au hawakuwako. Sisemi kwamba jengo la utamaduni ni dawa, wala hesabu hizi hazisemi hivyo. Mambo mawili yanayotembea pamoja si lazima moja limzae mwenzake. Nasema tu kwamba, mbele ya ushahidi kama huu, mwandishi anayeandika "wenyeji wa asili hujiua" ameandika sentensi ambayo kwa zaidi ya nusu ya jamii zile haikuwa kweli. Naye kijana wa jamii hizo aisomapo sentensi hiyo husoma kwamba kifo cha namna ile ndicho urithi wake.

Na hili, msomaji, si jambo la heshima tu. Maneno ya magazeti yaweza kuua. Goethe alipotoa mwaka 1774 riwaya yake ya kijana Werther, ambaye mwisho wake ni kujiua kwa ajili ya mapenzi, watu walihofu kwamba vijana wanamwiga, na katika mji wa Leipzig kitabu kikapigwa marufuku. Mwaka 1974 David Phillips wa Marekani alionyesha kwa hesabu kwamba baada ya habari za namna hiyo kutangazwa sana katika kurasa za mbele, idadi ya waliojiua ilipanda. Akaliita jambo hilo kwa jina la Werther. Huko Vienna, mwaka 1987, waandishi wa habari walipewa mwongozo wa kuacha kuvitangaza kwa makelele vifo vilivyokuwa vikitokea katika reli ya chini ya ardhi, na vifo hivyo vikapungua upesi. Tangu mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani nalo hutoa mwongozo kama huo: habari isieleze njia iliyotumika, isitoe sababu moja nyepesi, isikipambe kifo kama ushujaa au kama njia ya kutoka katika shida, wala isiwekwe mahali pa kuvutia macho. Utaona kwamba nami sikukueleza hata mara moja jinsi mtu yeyote alivyokufa kwa mkono wake, na naamini hukupungukiwa na kitu.

Lugha yetu nayo ina mitego yake. Mtu husema kwamba fulani "alishindwa" kujiua, kana kwamba kuishi ni kushindwa. Tena tuliandika kwa miaka mingi kwamba fulani "alitenda kosa" la kujaribu kujiua, kwa sababu sheria ya Kenya, katika kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, ilimhesabu mtu huyo kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Maneno ya sheria hubadilika kwa hukumu ya siku moja, ila ya mdomoni huchukua muda.

Mwongozo huo waagiza pia kwamba kila habari ya aina hii imwonyeshe msomaji mahali pa kupata msaada, nami siwezi kuwalaumu wengine kwa kuliacha jambo hilo kisha niliache mwenyewe. Ikiwa wewe unayesoma ukurasa huu umepata kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usiubebe mzigo huo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie leo mzazi, mwalimu, daktari, au mtu mzima mwingine unayemwamini. Na kama ni mwenzako aliyekunong'oneza, hiyo ni siri ya kuvunjwa.

Wanaomjua Werther ni wengi. Wanaomjua Papageno ni wachache. Huyu ni mtega ndege katika opera ya Mozart ya mwaka 1791. Naye alikata tamaa, akakusudia kufa, ndipo watoto watatu wakamkumbusha kengele alizokuwa nazo wakati wote. Akazipiga, na yule aliyemlilia akamjia. Mwaka 2010 wataalamu wa Austria walilitumia jina lake walipoona kwamba habari za watu waliofika ukingoni wakarudi ziliambatana na kupungua kwa vifo. Kwa hiyo shauri langu juu ya Attawapiskat si kwamba magazeti yanyamaze. Haki ituamuru kusema kwamba kelele zile za Aprili 2016 zilileta kitu: baada ya siku tatu Bunge lilikaa usiku kujadili msiba huo, na mwezi wa Juni serikali ikatangaza dola milioni 69 kwa muda wa miaka mitatu kwa afya ya akili ya wenyeji wa asili. Kunyamaza kumewahi kuzika watu wengi kuliko kusema. Ninalolitaka ni kengele za Papageno ziingie katika habari.

Na zipo. Katika jimbo la Arizona, Marekani, Waapache wa White Mountain waliamua mwaka 2001 kwa sheria yao wenyewe kwamba kila tukio la mtu kujidhuru liarifiwe, na watumishi waliozaliwa papo hapo waende kumwona mhusika nyumbani. Walipolinganisha miaka 2001 hadi 2006 na miaka 2007 hadi 2012, kiwango cha vifo vya kujiua kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 38. Wainuit wa Kanada walitoa mwaka 2016 mpango wao wa taifa, nao wanaanza kwa kukumbusha kwamba zamani jambo hili lilikuwa nadra kwao, na kwamba lilizidi baada ya watu kuhamishwa kutoka makambi yao ya uwindaji. Hizo ni habari zenye watu wanaotenda. Sijui kwa nini mhariri azione kuwa baridi.

Labda ni kwa sababu neno la msiba tunalo, na neno la uzima hatujalizoea. Naomi Adelson, mtaalamu aliyekaa na Wacree wa upande wa mashariki wa Ghuba ya James, aliandika kitabu kizima mwaka 2000 juu ya neno lao miyupimaatisiiun, ambalo aonyesha kwamba haliwezi kufasiriwa kuwa "afya" tu. Lina maana ya kuwa hai vizuri: kula nyama ya porini, kuwa na joto nyumbani, kuwa na nguvu ya kuwinda na kufanya kazi, kukaa katika ardhi yao. Mswahili hapati taabu kulielewa. Tukiulizana hali asubuhi hatujibu kwamba vipimo vya damu ni sawa. Twasema "mzima", na ndani ya neno hilo mna mwili, nyumba, jamaa na chakula. Mwandishi anayekwenda kwa Wacree na kuuliza habari za ugonjwa pekee ataletewa ugonjwa, na nyumba yenye baridi, ambayo kwao ni sehemu ya jawabu, ataiona kuwa ni mandhari ya picha.

Vijana wa Attawapiskat walilijua hilo mwaka ule ule. Waziri alipowatembelea mwezi wa Aprili walimweleza mahitaji yao, na mojawapo lilikuwa nyumba ya vijana, mahali pa kukutania. Mwezi wa Juni 2016 baadhi yao walikwenda Ottawa, wakakaa na waziri mkuu wakimwambia kwa vinywa vyao kile kijiji kinachotaka. Ilikuwa imepita miaka 8 tangu Shannen na darasa lake walipokwenda katika mji ule ule kuomba shule.